Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Msomaji mpenzi, wahenga wetu walituachia methali mbili kuhusu jino, na ukizitazama vizuri utaona zinavutana kama fahali wawili. Ya kwanza husema dawa ya jino ni kung'oa. Ya pili husema jino la pembe si dawa ya pengo. Ile ya kwanza ndiyo tuipendayo. Tunaitumia kwa jino, kwa rafiki msaliti na hata kwa kiongozi aliyetuchosha. Ile ya pili huwa tunaikumbuka baadaye, wakati pengo limekwisha kuingia na hakuna la kufanya.

Jumapili hii nakuomba tuziweke methali hizi mbili kwenye mizani. Hasa tunapozungumza juu ya jino la mtoto, ile ya kwanza imekwisha kupitwa na wakati, na kuifuata bila kufikiri ni kumtia mtoto hasara ya maisha.

Tuchukue mfano. Ni likizo ya Desemba. Umempeleka mwanao wa miaka minane kwa nyanya yake kule Garsen, katika kaunti ya Tana River, akapumue hewa safi baada ya mwaka mzima wa kubanana mjini. Maembe yameiva. Kijana anapanda mwembe pamoja na wenzake, tawi linamtupa, na anaangukia kinywa. Jino la mbele limevunjika nusu. Analia, anasafishwa kwa maji ya chumvi, damu inakoma. Baada ya siku tatu anakula embe kama kawaida, na kila mtu amesahau.

Jino lenyewe halijasahau. Mwezi wa pili tayari amerudi shuleni, na wewe unaona limeanza kuwa na rangi ya kijivu. Kisha kijipu kidogo kinatokea juu ya ufizi, kinapasuka, kinatoa usaha, kinajifunga na kutokea tena. Hapo ndipo jirani anapokuambia: "Mpeleke aling'oe, dawa ya jino ni kung'oa." Je, utamsikiliza?

JINO SI JIWE

Kabla hujajibu, hebu tuingie ndani ya jino tuone mna nini. Kwa nje jino laonekana kama jiwe. Lina gamba jeupe liitwalo enameli, ambalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, ukiwemo mfupa. Chini ya gamba hilo kuna dentini, yenye umanjano kidogo, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya jino. Katikati kabisa kuna chumba chembamba kinachoteremka hadi kwenye mzizi. Chumba hicho kimejaa nyama laini, nyekundu, yenye mishipa ya damu na neva. Hicho ndicho kiini cha jino.

Ukinywa maji ya barafu na jino likashtuka, aliyepiga kelele ni kiini. Lakini kazi yake si kupiga kelele tu. Kiini hulilisha jino, hulilinda dhidi ya vijidudu, na hutengeneza dentini mpya maisha yote.

Damu inayokilisha kiini huingia kupitia ncha ya mzizi peke yake. Wewe unayeifahamu Tana utaelewa upesi. Mto ule hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukapita nchi kavu, ukafika Garsen na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mashamba ya Wapokomo na malisho ya Waorma yote huutegemea. Mto ukikatika juu, uhai wote wa chini hukauka. Jino nalo lina mto mmoja. Pigo likiukata mto huo, au vijidudu vikiingia kupitia ufa, kiini hufa na jino hubaki kama ganda.

MZIZI AMBAO HAUJAKOMAA

Kwa mtu mzima, jino lililokufa kiini lina tiba ya miaka mingi. Daktari hutoboa, huondoa nyama iliyooza, husafisha mfereji wa mzizi na kuujaza. Jino limekufa, lakini linasimama na kutafuna.

Kwa mtoto wa miaka minane mambo ni magumu zaidi. Jino la mbele la ukubwani hutoka kwenye ufizi akiwa na miaka saba hivi, lakini mzizi wake bado haujakamilika. Huchukua yapata miaka mitatu zaidi ndipo ncha yake ifunge. Katika muda huo kuta za mzizi ni nyembamba na ncha yake iko wazi kama mdomo wa faneli. Wajenzi wa mzizi wamo katika kiini na katika tishu changa iliyo chini ya ncha hiyo. Kiini kikifa, ujenzi husimama siku hiyo hiyo. Nyumba imebaki bila kuta za kutosha na fundi amekwisha kwenda zake.

Kwa miaka mingi madaktari walitumia dawa yenye asili ya chokaa, haidroksaidi ya kalisiamu, kuifunga ncha hiyo. Mtoto alirudi kliniki mara kwa mara kwa miezi mingi. Ncha ilifungika, lakini mzizi ulibaki mfupi na mwembamba, na mara nyingi jino lilivunjika baadaye shingoni. Mwaka 1993 Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Loma Linda, Marekani, walieleza juu ya saruji maalumu ya meno iwezayo kuziba ncha hiyo mara moja. Asili yake ni saruji ya ujenzi, ila hii imesafishwa na kupimwa kwa ajili ya mwili, kwa hiyo asije mtu akachota ya mjengo! Saruji hii ilipunguza safari za kliniki, lakini haikumrudisha fundi kazini. Kuta zilibaki nyembamba.

DAMU YENYEWE KUWA DAWA

Ndipo likazuka swali: je, kiini kilichokufa chaweza kuoteshwa upya?

Mwaka 1961 daktari Nygaard-Östby wa Norway alijaribu jambo la ajabu. Baada ya kusafisha mfereji wa jino, aliiacha damu ya mgonjwa mwenyewe iingie humo na kuganda, kisha akatazama nini kingeota. Matokeo hayakutosha, na fikra hiyo ililala kwa miaka mingi. Iliamshwa mwaka 2001 na madaktari wa Japani, na mwaka 2004 Francisco Banchs na Martin Trope wa Marekani wakaipanga kama tiba yenye hatua zinazoeleweka.

Hatua zenyewe ni hizi. Daktari hulifungua jino na kuliosha kwa dawa ya jamii moja na ile ya kung'arisha nguo nyeupe, ila iliyopimwa kwa uangalifu. Huweka dawa ya kuua vijidudu na kuliziba kwa wiki kadhaa. Mgonjwa akirudi bila usaha wala maumivu, daktari hulifungua tena, kisha kwa sindano nyembamba huchokoza nyama iliyo chini ya ncha ya mzizi mpaka damu ipande ndani ya mfereji. Damu ikishaganda, huifunika kwa ile saruji ya meno na kuliziba jino juu yake.

Damu hiyo hupanda pamoja na seli changa kutoka chini ya mzizi. Kwa watoto wengi usaha hukauka, mfupa uliokuwa umeliwa hujijenga, na katika picha za eksirei mzizi huonekana ukirefuka na kuta zake kunenepa. Si kila mara, lakini mara za kutosha kuifanya itambulike leo kama tiba halali ya meno machanga.

Hata hivyo, tusijidanganye. Meno ya wanyama yaliyotibiwa kwa njia hii yalipokatwa na kutazamwa kwa darubini, mara nyingi kilichoota ndani hakikuwa kiini halisi. Kilikuwa tishu inayofanana na mfupa au na ule utando mgumu unaofunika mzizi. Nyumba imepata kuta, lakini aliyeingia ndani si mwenyewe.

MBEGU ILIYOKUWA IKITUPWA

Ili mwenyewe arudi, wataalamu waliona lazima wapande mbegu yake. Mbegu hiyo ni seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijachagua kazi na ambazo zaweza kuzaana na kugeuka kuwa tishu fulani. Mwaka 2000 Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao katika taasisi za afya za taifa huko Marekani walionyesha kwamba kiini cha jino la mtu mzima kina seli za namna hiyo.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2003, kundi la Shi likatoa habari iliyowashangaza wengi zaidi. Seli hizo zilipatikana hata katika meno ya maziwa yanayong'oka yenyewe. Jino moja la mbele la mtoto lilitoa seli 12 hadi 20 hivi za aina hiyo, na zikikuzwa katika maabara huzaana kwa wingi. Fikiria, msomaji! Lile jino tuliloambiwa tulirushe juu ya paa lilikuwa na mbegu ndani yake.

Kutoka maabara zikafika kwa wagonjwa. Mwaka 2017 Misako Nakashima na wenzake wa Japani walieleza habari za wagonjwa watano waliopandikizwa seli za viini vya meno yao wenyewe katika meno yaliyokuwa yamesafishwa. Wanne kati yao, jino lililopimwa kwa umeme mdogo lilianza kuhisi tena.

Mwaka 2018 ikaja taarifa ya watoto wa Uchina, na hii inamhusu hasa yule kijana wetu wa mwembeni. Walikuwa watoto 40 ambao viini vya meno yao vilikufa baada ya kuumia. Watoto 30 walipandikizwa seli zilizotolewa katika meno yao wenyewe ya maziwa, na 10 wakapewa tiba ya zamani ya kufunga ncha. Baada ya miezi 12 walichunguzwa 26 wa kundi la kwanza na wote 10 wa kundi la pili. Katika meno yaliyopandikizwa seli, kiini kilikuwa kimeota upya kikiwa na mishipa ya damu, na jino likawa linahisi. Watoto 20 waliofuatiliwa kwa miezi 24 hawakuonyesha madhara.

Hiyo ni hatua kubwa, lakini hesabu ni ya watoto wachache na muda ni mfupi kulinganisha na miaka 60 ambayo jino hutakiwa kufanya kazi. Tiba hiyo hutaka maabara safi kupita kiasi, wataalamu wa kukuza seli na fedha nyingi. Kwa hiyo atokeapo mtu akutake ulipe ili akuhifadhie jino la mtoto lililoanguka tangu juzi, fumba mkoba. Jino lililokauka halina seli hai. Kampuni za nchi za nje zinazohifadhi seli hizo hulipokea jino likiwa bichi, kisha huziweka seli katika baridi kali mno, na hata hivyo tiba ya kuzitumia bado haijawa ya kila kliniki.

NA GARSEN, JE?

Sasa turudi kwa kijana wetu. Waweza kusema, "Mwandishi, haya ni ya Uchina na Japani. Garsen yanahusu nini?"

Yanahusu sana, na sababu yenyewe si zile maabara. Angalia tena ile tiba ya damu. Inahitaji eksirei, dawa ya kuoshea, sindano, saruji ya meno na daktari aliyejifunza meno ya watoto. Haihitaji seli kutoka ng'ambo, kwa kuwa mtoto anazo chini ya jino lake. Kinachohitajika ni jino liwepo. Sayansi yote niliyokueleza haina msaada kwa jino lililokwisha kung'olewa.

Na kuna tiba iliyo rahisi zaidi ya hiyo, kama kiini hakijafa. Mwaka 1978 daktari Miomir Cvek wa Sweden alieleza meno 60 ya mbele yaliyovunjika mpaka kiini kikaonekana. Aliondoa sehemu ndogo tu ya juu ya kiini, milimita chache, akafunika kwa dawa ile ya chokaa na kuziba. Meno 96 kwa kila 100 yalipona, yakiwa hai, na mizizi iliendelea kukua. La kutia moyo zaidi kwa watu wa mbali ni hili: baadhi ya watoto hao walifika baada ya saa moja tu, wengine baada ya siku 90, na tofauti hiyo haikuharibu matokeo mradi kiini kilikuwa bado kizima. Basi usiseme "tumechelewa" kabla daktari hajatazama.

Lakini wewe na mimi tunazijua njia za kule. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Hola, makao makuu ya kaunti, nako si karibu. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2023 na kuikata barabara ya Lamu upande wa Gamba, safari ya saa chache hugeuka kuwa ya siku. Mzazi aliye na nauli ya safari moja atafanya hesabu: kung'oa ni mara moja, kutibu ni mara tatu au nne. Simlaumu. Namwomba tu aijumlishe na hesabu ya pengo. Mtoto anayekua hawezi kuwekewa jino la kupandikizwa kwenye taya mpaka amalize kukua. Kwa miaka kumi hivi atavaa jino la kuvua na kuvika, huku mfupa wa taya ukisinyaa mahali pa pengo. Na kuna picha zote za shuleni atakazopiga akiwa amefumba mdomo.

LA KUFANYA AJALI IKITOKEA

Ikiwa jino limevunjika, tafuta kipande na ukiweke ndani ya maziwa au maji safi, kwa kuwa mara nyingi daktari huweza kukigundisha. Tazama palipovunjika. Ukiona kidoa chekundu, kiini kiko wazi, na safari ya kwenda kwa daktari ianze siku hiyo au kesho yake. Usipachike ndani karafuu, tumbaku wala dawa yoyote ya kuchoma.

Ikiwa jino la ukubwani limechomoka zima, dakika zina thamani. Lishike upande wa juu ule mweupe, usiguse mzizi. Kama lina mchanga lioshe kidogo tu, bila kulisugua, kisha lirudishe tundumi mwake na mtoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, liweke ndani ya maziwa. Hapa watu wa Tana River wana bahati, maana maziwa si haba katika nchi ya wafugaji. Yawe maziwa freshi, ikiwezekana ya baridi, si mgando. Yakikosekana, mate ya mtoto mwenyewe yatafaa kuliko kulifunga jino kwenye karatasi likauke. Kisha kimbia hospitali. Lakini jino la maziwa likichomoka lisirudishwe kamwe, kwani laweza kuliumiza lile la ukubwani linalosubiri chini yake.

Anza na kituo kilicho karibu nawe, iwe ni hospitali ya Ngao, ya Hola au nyingine yoyote, uombe barua ya rufani kama hapo hapana daktari wa meno. Na kabla mtu yeyote hajashika koleo, muulize maswali matatu. Je, kiini bado kiko hai? Je, ncha ya mzizi imefunga? Je, kuna mtu Malindi au Mombasa anayeweza kuliokoa jino hili? Maswali hayo hayagharimu hata senti moja, na mzazi ana haki ya kujibiwa.

Jambo la mwisho ni gego la kwanza. Hutoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya maziwa, bila kusukuma jino lolote. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni la maziwa na kuliacha lioze. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa mwaka 2015 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya wanne nchini ana meno yaliyooza. Kuoza huko kukifika kiini, ni hadithi ile ile ya mwembeni, tofauti ni kwamba hapakuwa na mwembe bali peremende. Mswaki na dawa yenye floraidi, asubuhi na usiku, ni rahisi kuliko safari yote niliyokusimulia.

Nyanya wa Garsen aliyesema dawa ya jino ni kung'oa hakukosea kwa zama zake. Hakuwa na jingine mkononi. Sisi tunalo. Basi tumwachie mtoto jino lake, tulitafutie daktari lingali kinywani, maana kama wahenga hao hao walivyotuonya, pembe hata ichongwe namna gani haizibi pengo.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia wiki njema na tabasamu lililokamilika.